Makosa ya Wenyewe, Aibu Yetu

Kuna siku nilikatwa nusu ya malipo yangu kwa sababu ya kuku.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka mmoja tu, naishi chumba kimoja Githurai 45, na riziki yangu ilikuwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Kazi hiyo unaijua, na kama huijui basi una binamu anayeijua. Mwanafunzi yuko Marekani au Uingereza, analipa kampuni, kampuni inakata yake, kinachobaki kinamfikia kijana fulani hapa kwetu anayekesha akiandika na kuomba stima isipotee. Usijisumbue kuniuliza kama ni haki. Nimejiuliza sana. Mimi niliyekosa karo ya kumaliza shahada yangu nilikuwa naandika shahada za watu wengine, kurasa baada ya kurasa, na walifuzu.

Usiku huo niliandika kurasa nane kuhusu vidonda vya wagonjwa wanaolala kitandani muda mrefu. Katika ukurasa wa tatu niliandika "the patient was laying on her back". Asubuhi nikapata ujumbe wa mhariri nisiyemjua jina wala sura: wagonjwa hulala, kuku ndio hutaga. Faini, nusu ya malipo. Chini yake alikuwa ameniwekea orodha ya kurasa nne ya maneno ya Kiingereza ambayo watu huchanganya mara kwa mara. Isome, akasema, kabla ya kuchukua kazi nyingine.

Niliisoma. Niliichapisha kwenye saiba ya mtaani, nikaibandika ukutani juu ya meko ya gesi. "Affect" na "effect". "Fewer" na "less". "Lie" na "lay". "Imply" na "infer". "Lose" na "loose". Miaka mitatu sasa nimekuwa nikiisoma huku nikisubiri ugali uive. Hakuna kitabu nilichokisoma mara nyingi kuliko hizo kurasa nne, na nadhani nimepata haki ya kuzihakiki kama vile mwingine angehakiki riwaya. Kwa hivyo huu ni uhakiki wa orodha. Si ile yangu peke yake, bali aina nzima ya maandishi haya: vitabu, vijitabu na kurasa za bure zinazokuambia neno hili usilichanganye na lile, zikakupa jozi, sentensi moja sahihi, sentensi moja mbaya, kisha zikaendelea na jozi inayofuata.

Babu wa orodha hizi ni H. W. Fowler, mwalimu wa shule Mwingereza aliyeacha ualimu akaamua kuishi kwa kalamu. Kitabu chake, A Dictionary of Modern English Usage, kilitolewa na Oxford mwaka 1926, na hadi leo kuna wahariri wanaokitaja kama msahafu. Mimi sina ugomvi na Fowler. Ana ucheshi, na aliwacheka waziwazi watu wanaotetemeka mbele ya sheria za sarufi wasizozielewa. Lakini alikuwa akiongea na Waingereza wenzake, watu waliozaliwa lugha hiyo ikiwa tayari masikioni mwao. Waliomfuata walimfupisha. Waliondoa ucheshi, wakaondoa sababu, wakabakisha jozi na alama ya mkasi. Kilichokuwa mazungumzo ya wenye nyumba sebuleni kikawa askari wa getini anayewakagua wageni.

Neno ambalo limenisumbua zaidi katika orodha yangu halimo kwenye jozi yoyote. Liko kwenye kichwa chake: "commonly". Mara kwa mara. Sasa, ni nani huyu anayekosea mara kwa mara?

Chukua "could of". Orodha inakuonya vikali usiandike "could of" mahali pa "could have". Katika shule zote nilizopitia, sikumbuki hata siku moja kumwona mwanafunzi mwenzangu akiandika hivyo. Mara ya kwanza kuliona kosa hilo lilikuwa katika rasimu ya mteja, mtu aliyezaliwa na Kiingereza na kulelewa nacho. Na sababu yake ni rahisi. Mdomoni, wenyewe hukata "could have" ikawa "could've", na mkato huo ukiusikia bila kuuona unafanana kabisa na "could of". Anayeandika hivyo alijifunza lugha kwa sikio kabla ya jicho. "Your" na "you're", hadithi ni hiyo hiyo. Hata "affect" na "effect": Mwingereza humeza irabu ya kwanza katika maneno yote mawili, yakabaki kulingana. Sisi tulianza na jicho. Ubao, chaki, mwalimu akisoma neno zima na darasa likiitikia neno zima. Tunatamka kila herufi kana kwamba tumeilipia.

Sisi tuna makosa yetu, na yana asili yake. Kiswahili kina irabu tano. Kile Kiingereza cha Uingereza cha vitabuni huhesabiwa kuwa na sauti za irabu kama 20. Wageni 20 wakiingia nyumba ya vyumba vitano, lazima walale wanne wanne. Ushahidi umo katika maneno unayotumia kila siku. "Shirt" ikawa shati. "Bus" ikawa basi. "Jam" ikawa jamu. "Card" ikawa kadi. Mwingereza ana irabu nne tofauti katika maneno hayo manne. Sisi tuna a moja, na imetutosha vizuri tu. "Ticket" na "team" kwake ni i mbili, moja fupi na nyingine ndefu, na kwetu ni tiketi na timu. Ndiyo maana Mkenya akikosea, atakosea "live" na "leave", "fill" na "feel", "this" na "these". Yapo machache tunayochangia na wenyewe, mathani "there" na "their". Lakini pekua orodha iliyo juu ya meko yangu utafute "live" na "leave". Huzipati. Aliyeitunga hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu duniani ambaye maneno hayo mawili ni sauti moja kwake.

Hapa ndipo utaniambia kwamba mitihani yetu wenyewe inalijua jambo hili. Inalijua, bana, na tazama inavyolitumia. Ukifanya KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina sehemu ya stadi za kuongea, na sehemu hiyo ya kuongea hujibiwa kwa kuandika. Unapewa maneno kwenye karatasi, unaambiwa uandike neno jingine linalotamkwa sawasawa, au uonyeshe lile ambalo sauti yake imejitenga na mengine. Hakuna anayekusikiliza. Sauti inayopimwa ni ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga darasa lako, na mwalimu aliyekufundisha naye ana irabu zile zile tano. Kwa hivyo tunakariri. Mimi nilikariri vipengele hivyo kama vile mtu anavyokariri namba ya simu ya polisi, nikapata alama nzuri, na hadi leo siwezi kuzitofautisha sauti hizo zikipita karibu nami sokoni.

Haya yote yangekuwa ni ya kuchekesha tu kama si ujumbe wa ndugu yangu.

Shosho alilazwa hospitali mwaka juzi. Mapafu. Mama alikuwa naye wodini, mimi nilikuwa Githurai nikimalizia kazi iliyokuwa na saa sita kabla ya muda kwisha, na ndugu yangu mdogo, aliyekuwa kidato cha pili, ndiye aliyekuwa na simu. Huyu kijana huandika Kiingereza kila mahali. Shuleni kwao Kiswahili kina siku zake na lugha ya mama haina siku yoyote. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika Decolonising the Mind, mwaka 1986, jinsi watoto wa enzi yake walivyovishwa kibao shingoni wakipatikana wakiongea Kikuyu. Ndugu yangu hajavishwa kibao. Yeye amefundishwa tu kwamba habari nzito husemwa kwa Kiingereza. Basi saa mbili usiku akanitumia ujumbe: "Doctor says shosho will leave."

Soma tena kama nilivyosoma mimi. Kwetu, mtu akifa hatusemi amekufa. Tunasema ametuacha. "Will leave" nikaisoma atatuacha. Niliacha kazi ya watu katikati ya sentensi, nikapanda matatu ya Thika, nikalia kuanzia Ruiru hadi mwisho wa safari, mama mmoja aliyekuwa kando yangu akinishikia begi bila kuniuliza lolote. Nilipofika wodini nilimkuta shosho ameegemezwa mito, anakunywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari. Ndugu yangu alikuwa amesimama pale akitabasamu. Alitaka kusema "will live". Ataishi.

Sikumgombeza. Nilikaa naye kwenye benchi la nje nikamwuliza, kama ungenitumia kwa Kiswahili ungesema nini? Akajibu bila hata kufikiri: "Ningesema atapona."

Kazi ile ilinipita muda, nikapoteza malipo yote, si nusu tena. Lakini siku ile ndiyo nilianza kuandika Kiswahili kwa kalamu pembeni mwa orodha ya ukutani.

Nilianza na deni langu la zamani, "lie" na "lay". Vitabu hueleza jozi hii kwa kukuambia kwamba moja ni kitenzi kisichohitaji mtendwa na nyingine ni kitenzi kinachomhitaji. Unaitikia kwa kichwa, na dakika tano baadaye umesahau. Sasa andika hivi: "lie" ni lala, "lay" ni laza. Mtoto amelala. Mama amemlaza mtoto. Nani Mkenya, hata yule aliyepata D ya Kiswahili, anayeweza kuchanganya hapo? Mkia wa kitenzi umekwisha kutuambia nani anafanya na nani anafanyiwa. Na Kiswahili kimekwenda mbele zaidi, kikampa kuku kitenzi chake cha peke yake, kutaga. Kiingereza ndicho kimemtia kuku na mama anayelaza mtoto katika "lay" moja, kisha kinanicheka mimi.

Nikaendelea. "Rise" ni inuka, "raise" ni inua. "Remember" ni kumbuka, "remind" ni kumbusha. "Learn" ni jifunza, "teach" ni funza. Ukitazama vizuri utaona kwamba sehemu kubwa ya jozi zinazowatoa jasho wenyewe ni zile ambazo Kiingereza kimetengeneza neno jipya, au kimebadilisha irabu moja ya ndani, ili kufanya kazi ambayo Kiswahili hufanya kwa kugeuza mkia. Hatukuhitaji kufundishwa tofauti hizo. Tulikuja nazo darasani, tukaambiwa tuziache mlangoni pamoja na lugha yenyewe.

Halafu kuna "affect" na "effect", mfalme na malkia wa kila orodha. Hii iliponijia nilisimama na mwiko mkononi. Athiri na athari. Tunayo jozi ile ile! Irabu moja tu inabadilika, kama kwao, na kitenzi na jina vimekaa bega kwa bega, kama kwao. Ukame umeathiri wakulima. Athari za ukame ni nyingi. Hatukosei kwa sababu kitenzi chetu hakitembei uchi. Lazima kivae viambishi, na jina nalo lina "ya" yake au "za" yake. Kwa hivyo ukikwama katika Kiingereza, iseme sentensi yako kwa Kiswahili. Ikitoka imeathiri, andika "affect". Ikitoka athari, andika "effect". Nimetumia njia hii miaka miwili na sijalipa faini nyingine ya jozi hiyo.

Sitaki kukudanganya kwamba Kiswahili ni dawa ya kila kitu. Kuna mahali kinakuangusha. Kiingereza husema pia "to effect change", na hapo "effect" ni kitenzi, maana yake kuleta mabadiliko, na athiri haikusaidii kitu. "Lay" nayo ina ujanja wake: ni laza ya leo, lakini pia ni lala ya jana. "Yesterday she lay down", jana alilala. Hilo hulipati kwa mkia wowote, unalikariri tu. Na kuna jozi ambazo Kiswahili ndicho kinachokutia shimoni. Kuazima ni kumpa mtu na ni kuchukua kwa mtu, vyote viwili. Ndiyo maana tulisema "borrow me your pen" shule nzima, tukimaanisha niazime kalamu yako. Hapo inabidi uhamie kukopa na kukopesha ndipo "borrow" na "lend" zikae sawa. Vile vile tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu, kisha tunashangaa Mwingereza anaposhangaa kwamba tumeisikia harufu kwa "hear".

Wala Kiswahili chetu wenyewe hakijanyooka. Kila msimu wa mvua nasoma mahali kwamba mafuriko yameadhiri maelfu ya watu, yaani yamewafedhehesha, wakati mwandishi alitaka kusema yameathiri. Kuna wanaouliza bei ya mahali wakimaanisha mahari. Na kura na kula, hizo hata sizigusi, kwa sababu nchi hii imeshindwa kuzitofautisha kwa matendo, sembuse kwa matamshi. Lakini nikitafuta neno la kueleza nilivyojisikia asubuhi ile ya kuku, jozi hiyo ya athiri na adhiri inanifaa yote. Kiingereza kimetuathiri, na pia kimetuadhiri. Orodha inarekebisha la kwanza kidogo. La pili ndilo inalolilisha.

Kwa sababu kuna jozi mle ndani ambazo hazihusu maana hata kidogo, na hapo ndipo uhakiki wangu unakuwa mkali. "Fewer" na "less". Sheria inasema "fewer" ni ya vitu vinavyohesabika na "less" ni ya visivyohesabika. Kiswahili kina kitu kinachokaribia hapo: watu wachache, maji kidogo. Lakini sisi husema pesa chache na pesa kidogo na hakuna anayeita polisi. Niambie basi, mtu akiandika "less people", ni nani aliyeshindwa kumwelewa? Hakuna. Kinachopotea hapo ni heshima ya mwandishi, maana yote imefika salama.

Na sheria yenyewe imetoka wapi? Kamusi ya matumizi ya Kiingereza ya Merriam-Webster, iliyotoka mwaka 1989, inaifuatilia hadi kwa mtu mmoja, Robert Baker, aliyeandika kitabu cha maoni yake kuhusu Kiingereza mwaka 1770. Baker hakuweka sheria. Alisema tu kwamba yeye anaona "fewer" ingefaa zaidi, ingekuwa na madaha zaidi. Kabla yake, watu walikuwa wametumia "less" kwa vitu vya kuhesabika tangu enzi za Mfalme Alfred, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Waliokuja baada ya Baker wakaligeuza pendekezo lake kuwa amri. Mwaka 2008 maduka ya Tesco kule Uingereza yalibadilisha mabango yao ya foleni ya haraka, yaliyokuwa yakisema "10 items or less", kwa sababu ya malalamiko ya wapenda sarufi. Hawakuandika "fewer". Waliandika "Up to 10 items", wakalizunguka shimo lote. Nilicheka nilipoliona hilo. Hata mwenye duka, mwenye lugha, ameamua ni heri kupita kando.

Lakini kitu kilichonifanya nimpende Baker ni kingine. Katika dibaji yake anakiri mwenyewe kwamba aliacha shule akiwa na miaka 15, hajui Kigiriki, na Kilatini anakijua kidogo tu. Yaani sheria iliyotumika kunikata pesa, mimi niliyeacha chuo, ilianza kama maoni ya mtu aliyeacha shule. Yeye aliruhusiwa kuwa na maoni kuhusu lugha yake. Mimi niliruhusiwa kulipa faini.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi tuandike vyovyote vile. Niliyelia kutoka Ruiru hadi Thika siwezi kukuambia kwamba neno moja badala ya lingine si kitu. Ninachosema ni kwamba orodha inachanganya makosa ya aina mbili kisha inayatoza faini sawa. Kuna kosa linaloharibu maana na kuna kosa linaloonyesha tu ulisomea wapi. "Imply" na "infer" ni la kwanza: mmoja anadokeza, mwingine anang'amua, na ukizigeuza umembebesha msikilizaji maneno ya msemaji. "Live" na "leave" ni la kwanza. "Fewer" na "less", karibu kila mara, ni la pili. Orodha nzuri ingeanza kwa kututenganishia hayo, na ingemwambia mwandishi mchanga aweke nguvu zake wapi.

Na pale ambapo maana ni suala la uhai, lugha yenyewe inaweza kuambiwa isogee. Kiingereza kilikuwa na neno "inflammable", maana yake kinachoshika moto. Lakini "in" mwanzoni mwa maneno mengi ya Kiingereza hukanusha, na kulikuwa na hatari mtu asome kwamba mtungi huo haushiki moto. Miaka ya 1920, wataalamu wa kuzuia moto Marekani hawakuandika orodha ya kuwaaibisha wasomaji. Walihimiza neno lipunguzwe, litumike "flammable", na leo ndilo lililo kwenye mitungi na malori. Walijiuliza ni nini kitamfikia msomaji akiwa na haraka na hofu. Hilo ndilo swali ninalotaka orodha ijiulize. Orodha yangu inajiuliza ni nani wa kumcheka.

Ningetamani kuona orodha iliyotungwa hapa. Ianze na makosa yetu, yale ya irabu tano, yale ya kuazima na kusikia. Itumie lala na laza, athiri na athari, ionyeshe njia inapofika na inapokatikia. Iseme wazi, hii ni ya maana, hii ni ya madaha tu, na kama unamwandikia mtu wa madaha mpe madaha yake uchukue pesa zako. Sijaiona bado. Walimu wetu wa Kiingereza na wa Kiswahili wanakaa chumba kimoja cha walimu, wanakunywa chai ya birika moja, na kila mmoja anaingia darasani kana kwamba mwenzake hayupo.

Insha za wanafunzi niliziacha. Siku hizi ninaandika kwa jina langu, pesa ni kidogo, au chache, chagua mwenyewe. Orodha bado iko ukutani. Imeingia mafuta ya chapati, na pembezoni imejaa mwandiko wangu hadi jozi zenyewe hazisomeki vizuri. Wiki iliyopita ndugu yangu, sasa yuko kidato cha nne, alinitumia ujumbe akiwa nyumbani kwa likizo: "Sis, ni lie ama lay?"

Nikamjibu: "Kuna mtu anamlaza mwingine?"

"Zii. Amelala mwenyewe."

"Basi ushajua."